Aliyepigwa Picha Naye Aulizwe

Tangu mwaka 2008 Marekani inatoa bure picha za setilaiti za Landsat. Ulaya nayo inatoa za Sentinel. Ni jambo jema. Lakini hapa Nyarugusu najiuliza: aliyepigwa picha ana haki gani? Nukta moja ya Landsat ni mita 30 kwa 30. Nyumba yangu haionekani humo, ila kipara cha msitu tulipokata kuni kinaonekana vizuri tu. Kukata tumekata, sikatai. Ila dunia nzima inaona kipara, sufuria ya maharage haioni mtu. Huko ni kugawana nusu. Ndugu zetu wa mashirika, mkija na ramani, itandazeni chini tuisome pamoja. Tutawaonyesha tulipokata, na kwa nini.