Uzito wa Diski na Swali la Sababu

Diski ya SSD ya aina ya SATA huuzwa ikiwa na maandishi kwenye boksi kwamba inasoma takriban megabaiti 550 kwa sekunde. Ikifungwa katika kompyuta iliyotengenezwa mwaka 2008, kipimo huweza kuonyesha 270, na wakati mwingine 130. Mwenye kompyuta humuuliza fundi kinachoifanya iwe nzito ni nini. Swali ni la ufundi, lakini limebeba ndani yake swali la kale kuliko ufundi wote wa umeme: kati ya mambo mengi yaliyokutana na kuzaa tokeo moja, ni lipi lenye haki ya kuitwa sababu?

Kabla ya kutafuta sababu, lazima ijulikane kama upungufu upo. Mtoto wa wiki mbili hana jino hata moja, lakini hakuna anayemwita kibogoyo. Kibogoyo ni yule aliyepaswa kuwa na meno na hana. Aristotle alilieleza jambo hili katika Kategoria: kutokuwa na kitu si upungufu kila mara, upungufu ni kukosa kile ambacho kwa maumbile yako, na kwa wakati huo, ulitakiwa kuwa nacho.

Tofauti hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya fundi mzuri, hata kama hajapata kulisikia jina la Aristotle. SATA, yaani njia ya kuunganisha diski na kompyuta, imepita vizazi vitatu. Cha kwanza, cha mwaka 2003, hupitisha gigabiti 1.5 kwa sekunde; cha pili gigabiti 3; cha tatu, kilichotangazwa mwaka 2009, gigabiti 6. Kila biti 8 za data husafirishwa zikiwa biti 10, kwa hiyo gigabiti 3 hutoa megabaiti 300, si 375. Ukitoa na nafasi inayoliwa na amri na majibu baina ya diski na kompyuta, hubaki kati ya 260 na 285. Kompyuta ya mwaka 2008 kwa kawaida ina soketi za kizazi cha pili. Diski inayosoma 270 humo haijapungukiwa na chochote, na kuirudisha dukani kama mbovu ni kumwita mtoto mchanga kibogoyo.

Tena, mwenye kompyuta huyo amepata zaidi ya anavyodhani. Diski ya zamani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika husubiri kwa wastani milisekunde 4 na kidogo ili sehemu inayotakiwa ifike chini ya kichwa cha kusomea, na kichwa chenyewe nacho huhitaji muda wa kusogea. SSD hujibu kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Kuwasha kompyuta na kufungua programu ni kazi ya kusoma vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika, na kwa kazi ya namna hiyo soketi ya zamani haizuii mengi. Namba kubwa ya kwenye boksi hupimwa kwa faili moja refu linalosomwa mfululizo, jambo ambalo mtumiaji wa kawaida hulifanya mara chache.

Lakini 130 ni habari nyingine. Hapo soketi ingeweza kutoa mara mbili zaidi na haitoi. Upungufu upo, na swali la sababu linasimama.

Jibu linalomjia mtu kwanza ni kwamba uzito ni sifa ya kitu fulani: diski ni nzito, au mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, ni nzito, kama vile jiwe ni gumu. Muundo wa SATA wenyewe unaipinga fikra hiyo. Umeme unapowashwa, diski na mazabodi hubadilishana ishara fupi, kisha hukubaliana juu ya kasi kubwa zaidi ambayo pande zote mbili zinaiweza. Kasi hiyo haiko ndani ya diski, kwa sababu diski ile ile katika kompyuta nyingine itakubaliana vingine; wala haiko ndani ya mazabodi. Iko kama ushemeji ulivyo. Mtu hawezi kuwa shemeji akiwa peke yake, na ukimchunguza mwili mzima, damu na mifupa, hutaona mahali ushemeji wake ulipokaa. Anayeifungua diski ili auone uzito wake anatafuta kitu cha namna hiyo hiyo.

John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843, alishika msimamo mkali: sababu, kwa maana kamili, ni jumla ya masharti yote yaliyohitajika ili tokeo litokee, na mtu anapochagua moja na kuliita sababu anafanya hivyo kwa mazoea ya lugha tu. Kwa mtazamo huo, kasi ya 130 imesababishwa na diski, waya, chipu, draiva, mipangilio ya BIOS (programu inayoiwasha kompyuta) na mkono wa aliyefunga, vyote kwa pamoja. Ni kweli, na haimsaidii mtu yeyote. Jibu linalotaja kila kitu halimwelekezi fundi pa kugusa.

J. L. Mackie alilishughulikia pengo hilo mwaka 1965 kwa mfano wa nyumba iliyoungua kwa hitilafu ya umeme. Hitilafu peke yake haitoshi kuunguza nyumba. Lazima kuwe na kitu kinachoshika moto karibu, hewa, na asiwepo wa kuzima. Wala si lazima iwepo, kwani nyumba huungua hata kwa mshumaa. Lakini katika mkusanyiko ule uliotosha kuwasha moto siku ile, ukiiondoa hitilafu, kilichobaki hakitoshi. Hicho ndicho watu wanachomaanisha wanaposema hitilafu ndiyo sababu. Waya uliolegea unafaa maelezo haya barabara. Waya mbaya hautoshi peke yake kushusha kasi, kwa kuwa diski ya zamani iliyoishia megabaiti 100 ilifanya kazi juu ya waya huo huo kwa miaka bila mtu kugundua. Ubaya wake ulikuwepo, ukisubiri mwenzi. SSD ilipokuja na ishara za kasi zaidi, makosa yakaanza: data inafika ikiwa imeharibika, inatumwa upya, na baada ya makosa kadhaa mfumo kama Linux huamua kuishusha njia hadi gigabiti 1.5. Na gigabiti 1.5 ni megabaiti 150 kabla ya makato. Ndiyo ile 130.

Jinsi ya kuthibitisha hayo ni suala jingine, na hapa ndipo makosa mengi hutendeka. Mill aliiita njia iliyo ya uhakika zaidi njia ya tofauti: kuwe na hali mbili zinazolingana kwa kila kitu isipokuwa kimoja, na tokeo liwepo katika moja na lisiwepo katika nyingine. Fundi anapobadilisha waya, kisha kipimo kikapanda hadi 270, anaona ameitimiza njia hiyo. Hajaitimiza bado. Ili kubadilisha waya alilazimika kuuchomoa ule wa zamani, akazima umeme, akawasha upya, na pande mbili zikakubaliana upya juu ya kasi. Huenda waya wa zamani ulikuwa mzima na ncha zake tu ndizo zilizokaa vibaya. Njia ya kujua ni nyepesi, na ni wachache wenye subira nayo: kuchomoa waya ule ule na kuuchomeka tena kabla ya kuleta mpya, na baadaye, kipimo kikishakuwa kizuri, kuurudisha wa zamani kuona kama ubaya utarudi nao.

Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliuona mtego huu kwa upana usiozidiwa. Katika kitabu alichokiandika kuwajibu wanafalsafa alichukua mfano wa pamba na moto: macho huona pamba ikiungua inapokutana na moto, lakini hayaoni kwamba inaungua kwa moto. Kinachoonekana ni mambo mawili kutokea pamoja. Kifungo baina yao hakionekani, na kwake yeye mtendaji wa kweli ni Mungu, ama moja kwa moja ama kwa kupitia malaika wake. Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu kwamba anayekana sababu zilizomo katika vitu anaikana akili yenyewe, maana kazi ya akili ni kuzijua sababu hizo. Mjadala wao ni wa kiimani na hauwezi kumalizwa mezani kwa fundi. Hata hivyo, kila mmoja ana haki yake pale mezani. Al-Ghazali ana haki dhidi ya fundi anayeona waya mpya na kasi mpya zikija pamoja na kufunga faili. Ibn Rushd ana haki dhidi ya yule anayesema kompyuta za zamani ndivyo zilivyo, akaacha kutafuta.

SSD yenyewe huweka kumbukumbu inayofaa hapa. Katika taarifa zake za afya, zinazosomwa kwa programu za SMART, kipengele namba 199 kwa diski nyingi huhesabu makosa yaliyotokea kwenye njia baina yake na mazabodi. Hesabu hiyo haifutiki kwa kubadilisha waya. Ikiwa 340 leo, hiyo ni habari ya yaliyopita na haithibitishi kwamba tatizo lipo sasa. Ikibaki 340 baada ya wiki ya kazi nzito, njia ni safi. Namba moja iliyosimama peke yake haisemi kitu, ni mwendo wake unaosema.

Zipo sababu ambazo haziwezi kuguswa kwa mkono kwa sababu si vitu vilivyopo sasa. Windows XP ilizoea kuanzisha sehemu ya kwanza ya diski kwenye sekta namba 63. Idadi hiyo ilirithiwa kutoka hesabu ya zamani ya diski za kuzunguka, ambayo iliipa kila njia ya duara sekta 63. Sekta 63 za baiti 512 ni baiti 32,256, na ukigawanya kwa 4,096, kipimo ambacho mfumo hutumia kugawa data, unapata 7.875. Haigawanyiki. Kwa hiyo diski ya zamani ikinakiliwa jinsi ilivyo kwenda SSD bila kurekebisha mwanzo huo, kila kipande cha data hukaa kikiwa kimepanda mpaka, na kuandika kipande kimoja huigusa diski mahali pawili. Windows Vista na Windows 7 huanzia megabaiti ya kwanza kamili, na tatizo halipo. SSD haina duara, haina kichwa, haina kinachozunguka, na bado inalemewa na jiometri ya kitu hicho. Wanaosema kwamba sababu lazima iwe kitu kilichopo mbele ya tokeo na kuligusa wanapaswa kuulizwa hapa kilichopo ni nini. Jibu lililo karibu na ukweli ni kwamba kilichopo ni uamuzi wa watu waliotangulia, uliohifadhiwa kama namba.

Mpangilio wa IDE katika BIOS ni wa jamii hiyo hiyo. Uliachwa ili mifumo ya zamani iendelee kufanya kazi, nao huinyima diski uwezo wa kupokea hadi amri 32 kwa pamoja, uwezo unaokuja na mpangilio wa AHCI. Kuubadilisha ghafla bila kuiandaa Windows huifanya ishindwe kuwaka.

Na wakati mwingine diski ndiyo mbovu kweli. Mwaka 2014 ilibainika kwamba Samsung 840 EVO ilisoma data mpya kwa kasi kamili, lakini data iliyokaa miezi bila kuguswa ilisomwa kwa shida, kwa sababu chaji ndani ya seli husogea polepole na diski ikalazimika kurudia kusoma. Samsung ilitoa programu ya kurekebisha Oktoba 2014, kisha nyingine mwaka 2015. Kipimo cha kawaida hakikuweza kuugundua ubovu huu, kwa kuwa programu ya kupima huandika faili jipya na kulisoma papo hapo.

R. G. Collingwood, katika kitabu chake juu ya metafizikia cha mwaka 1940, alilieleza vizuri kuliko wengi suala la nani anachagua sababu. Gari limepinduka kwenye kona. Dereva anasema sababu ni mwendo. Msimamizi wa barabara anasema ni mwinamo mbaya wa barabara. Mtengenezaji wa gari anasema ni muundo wa gari. Kwa Collingwood, kila mmoja anataja kile kilicho mikononi mwake kukibadilisha, na hawapingani. Kuna kisa cha diski kinacholingana na mfano huo. Tarehe 31 Januari 2011, Intel ilitangaza kasoro katika chipu zake za mfululizo wa 6 na kusimamisha kuzisafirisha. Transista moja iliyopokea volti kubwa kuliko ilivyostahili ilikuwa ikivujisha umeme, na baada ya muda soketi namba 2 hadi 5, zile za gigabiti 3, zingeweza kuongeza makosa na kudhoofika. Soketi 0 na 1, za gigabiti 6, hazikuguswa. Kampuni ilikadiria gharama ya matengenezo kuwa dola milioni 700. Kwa mhandisi wa Intel, sababu ya uzito ni transista, na aliiondoa kwa kubadilisha tabaka la metali katika chipu. Kwa fundi mwenye mazabodi ya toleo lile la kwanza mezani, sababu ni kwamba diski imechomekwa soketi namba 3, na dawa ni kuihamishia 0.

Haifuati kutoka hapo kwamba sababu ni maoni tu. Transista ilivuja, awepo wa kuuliza au asiwepo. Kinachomtegemea anayeuliza ni uteuzi, na uteuzi huo una mipaka migumu: hakuna nafasi ya kusimama ambayo rangi ya waya inakuwa sababu. Intel yenyewe, wiki moja tu baada ya tangazo, ilikubali kuendelea kuuza chipu zile zile kwa watengenezaji wa kompyuta zitakazotumia soketi 0 na 1 peke yake, zikiwemo laptopu nyingi zenye diski moja. Ndani ya laptopu hizo kasoro ipo mpaka leo, kamili, na haijapata kuwa sababu ya chochote.