Mtoto Baa Anatafuta Nini?



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, kijana mmoja wa kwaya alinisimamisha nje ya kanisa. "Frateri, hivi ni dhambi kwenda baa na mtoto?" Ana binti wa miaka minne. Rafiki zake hukutana baa ya jirani, wanakula nyama choma na kuangalia mpira, naye angependa kwenda na binti yake. Mkewe hataki kabisa. Nikamjibu haraka, kama tunavyojibu sisi tuliotoka darasani juzi: "Usimpeleke." Akacheka. "Sasa wewe mwenyewe umekulia wapi?" Nikanyamaza, maana ananifahamu.

Kwetu Kilimanjaro pombe haikuwa kitu cha kumficha mtoto. Mbege ilipikwa nyumbani, ndizi na ulezi, na sisi watoto ndio tuliotumwa maji na kuni. Siku ya kunywa tulikuwepo pale pale, tukiona wazee wanavyopokezana kata, nani anapewa kwanza, nani anaambiwa "wewe imetosha". Kwa hiyo siwezi kusema kwamba mtoto akiona pombe tu ameharibika. Bwana wetu mwenyewe alikuwa arusini Kana, na sidhani kama watoto wa kijiji kile walifungiwa nje mpaka divai iishe. Mtakatifu Thoma wa Akwino naye anafundisha kwamba divai yenyewe si haramu. Ila anadai kiasi zaidi kwa vijana, kwa sababu tamaa zao bado zina moto.

Lakini baa si uani kwa babu. Nyumbani pombe ilikuja mahali ambapo maisha ya watoto yalikuwepo tayari: mbuzi, michezo, bibi wa kukukimbilia ukichoka. Baa ni kinyume, mtoto ndiye anayeifuata pombe kwake. Kila kitu pale, kuanzia viti mpaka muziki, kimepangwa ili mtu mzima akae zaidi na aagize nyingine. Hakuna aliyemfikiria mtoto, labda soda tu.

Mimi nilipelekwa sana. Nilikuwa na miaka kama minane, nakaa pembeni ya baba na Fanta yangu, naivuta kidogo kidogo isiishe mapema, maana ikiisha sina tena kazi ya kufanya. Aristotle anasema tabia njema huanza na mazoea ya utotoni, kabla mtu hajaweza kutoa sababu. Mtoto hufundishwa kwanza kufurahia na kuchukia yale yanayostahili. Nilipoisoma habari hiyo mwaka wa kwanza wa falsafa nilikumbuka ile Fanta. Mimi nilijifunza nini? Nilijifunza kwamba baba, aliyekuwa mkimya nyumbani, anajua kucheka. Nikadhani anaicheka dunia nzima isipokuwa sisi.

Na tukiwa njiani kurudi, giza limeshaingia, ananishika mkono: "Mama akiuliza, tulikuwa kwa baba mdogo."

Hapo ndipo naona jambo lenyewe lilipo. Thoma anaeleza kwazo kuwa ni neno au tendo lisilo nyoofu linalompa mwingine nafasi ya kuanguka. Bia ya baba haikuniangusha, sikuionja hata tone. Kilichoniangusha ni ule uongo mdogo niliobebeshwa, na zaidi ni kwamba niliubeba kwa furaha, kwa sababu ulikuwa kitu pekee ambacho baba alikuwa amenishirikisha siku nzima. Nilikuwa kisingizio chake. Mwanaume akiaga anatoka na mtoto, nani atamuuliza anaenda wapi?

Baba Mtakatifu Fransisko, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, aliwaambia wazazi kwamba swali kubwa si mtoto yuko wapi kimwili. Ni yuko wapi katika maana ya maisha, anaamini nini, anatamani nini. Wengine wanaweza kulitumia neno hilo kujitetea: basi baa poa tu, moyo wake uko salama. Hapana. Mimi nalisoma kama swali gumu zaidi. Unaweza kumfungia mtoto nyumbani na simu mpaka saa tano usiku ukasema hujampeleka baa.

Kuna upande mwingine ambao sisi watu wa kanisani huwa tunauruka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni kila aliye chini ya miaka 18, na ni haki kabisa asiuziwe pombe. Lakini tukisema kwa sauti kubwa "watoto marufuku baa", tunamsema nani? Mwenye gari anaenda hotelini kwenye bustani yenye bembea, bia ile ile mezani, na tunaiita matembezi ya familia. Mwaka wangu wa kichungaji nilimfahamu mama mmoja, mhudumu wa grosari, ambaye mwanawe wa darasa la pili anafanya homuweki juu ya kreti nyuma ya kaunta na kulala hapo hapo. Nikamwambia si mahali pazuri. Akanijibu, "Frateri, nimwache na nani?"

Huyo simwiti mkosefu. Yule mtoto yuko baa kwa sababu mama yake anampenda. Mimi nilikuwa baa kwa sababu nilifaa.

Kwa hiyo ndugu yangu wa kwaya, narekebisha jibu langu. Ukienda naye mchana kula nyama, na yeye akipiga miayo mkaondoka hata kama mpira ni dakika ya sabini, sioni dhambi. Ukijiona unamwambia "subiri kidogo" mara ya tatu, mrudishe nyumbani. Na kabla ya yote ongea na mkeo, aseme ndiyo yeye mwenyewe.

Kuhusu mtoto wa nyuma ya kaunta, nimempigia katekista wa kigango kile kumuuliza kama darasa la katekesi linaweza kufunguliwa jioni. Anasema darasa lipo, na mama mmoja wa WAWATA yuko tayari kukaa na watoto. Shida ni luku.