Mgeni wa Siku Mbili na Mgeni wa Miaka Mitatu

Somo: 1 Wafalme 17:8–24



Kuna swali ambalo watu wengi huogopa kuliuliza kanisani, kwa sababu linasikika kama swali la mtu asiye na upendo. Umemkaribisha mtu kwako kwa moyo mweupe. Alikuja akiwa na shida ya kweli, hakukudanganya. Miezi imepita, shida yake haijaisha, na wewe sasa umechoka. Je, kuchoka kwako ni dhambi? Na ukimwambia atafute mahali pengine, ina maana ule ukarimu wa siku ya kwanza ulikuwa wa uongo?

Wiki hii nataka tulitazame swali hilo tukianzia mbali kidogo, kwenye vita vya Ukraine. Huko familia nyingi sana zimelazimika kulijibu kwa wakati mmoja, tena bila muda wa kujiandaa. Wengi wetu tulivijua vita hivyo kupitia bei ya unga wa ngano na mafuta ya kupikia mwaka wa 2022. Lakini ndani ya nyumba za watu kulikuwa na jambo jingine likiendelea, na ndilo lenye somo.

Tarehe 24 Februari 2022 majeshi ya Urusi yaliivamia Ukraine kutoka pande kadhaa. Katika wiki moja tu, watu milioni 1 walikuwa wameshavuka mipaka. Wengi walikuwa akina mama, watoto na wazee, maana wanaume wa miaka 18 hadi 60, isipokuwa wachache, hawakuruhusiwa kutoka nchini. Kwa hivyo aliyebisha hodi mara nyingi alikuwa mama mwenye watoto, begi moja au mawili, simu mkononi, na mume aliyebaki nyuma.

Upande wa Poland, kwenye mpaka wa Medyka na stesheni ya treni ya Przemyśl, watu wa kawaida walikuja na magari yao wakiwa wameshika vibao vya karatasi: nina viti vinne, ninaelekea mji fulani. Kuna walioacha vigari vya kusukuma watoto pale stesheni ili mama anayeshuka na mtoto mgongoni apate pa kumweka. Nchi hiyo haikujenga kambi kubwa za mahema kama tunazozijua sisi. Wageni wengi waliingia kwenye vyumba vya watu, hosteli na hoteli. Na ndani ya Ukraine kwenyewe, mamilioni walikimbilia magharibi. Mji wa Lviv ulijaa. Shule, kumbi za michezo na hata majumba ya maigizo yakawa mahali pa kulala. Makanisa pia, yakiwemo ya kipentekoste wenzetu, yalitoa viti ukumbini yakaweka magodoro.

Sasa wacha nije kwenye hesabu. Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo mtanivumilia.

Serikali ya Poland iliamua kuwalipa wenyeji zloti 40 kwa siku kwa kila mgeni waliyemlaza na kumlisha. Kwanza ilisema siku 60, ikaongeza zikawa 120. Kufikia Julai 2022 malipo hayo yalikuwa yamekoma kwa wengi, isipokuwa kwa makundi machache kama walemavu na akina mama wajawazito. Uingereza ilianzisha mpango wake mwezi Machi 2022: mwenyeji aahidi angalau miezi 6, naye apewe pauni 350 kwa mwezi kama shukrani. Ukraine nayo iliweka utaratibu wa kuwarudishia wenyeji sehemu ya gharama za maji na stima. Kule Moldova, nchi ndogo na maskini ukilinganisha na majirani wake, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liligawa pesa si kwa wakimbizi peke yao, bali hata kwa familia zilizowapokea.

Angalieni hizo tarakimu. Siku 60, siku 120, miezi 6. Wote walipanga kwa siku na miezi. Lakini vita vimeenda kwa miaka. Ule ulinzi wa muda ambao Umoja wa Ulaya uliwapa Waukraine tarehe 4 Machi 2022 umeongezwa tena na tena, na sasa umefikishwa hadi Machi 2027. Mgeni alialikwa kwa kalenda moja, akajikuta anaishi kwa kalenda nyingine. Hakuna aliyedanganya hapo, si mgeni wala mwenyeji.

Na uchovu wa mwenyeji hauji na mambo makubwa. Mtu aliyetoa chumba chake hasumbuliwi na vita. Anasumbuliwa na sufuria ambayo haikuoshwa. Ni jiko moja na akina mama wawili, kila mmoja na chumvi yake. Ni bili ya stima na bafu lililofungwa asubuhi watu wakichelewa kazini. Ni mtoto wa mgeni anayeamka usiku akilia kwa sababu alisikia mlipuko ndotoni, na mtoto wa mwenyeji ana mtihani kesho. Kila upande unameza maneno. Mgeni naye anachoka, tena zaidi: anatembea kwa vidole vya miguu, anaomba ruhusa hata ya kuchemsha maji, na anasema asante mara ishirini kwa siku mpaka neno lenyewe linakuwa mzigo.

Hebu turudi kwa somo letu. Eliya alikuwa mkimbizi. Alimkimbia mfalme, akavuka mpaka, akaingia Sarepta katika nchi ya Sidoni, kwa mjane ambaye alibakiwa na unga wa mlo mmoja tu. Hadithi hii tumeihubiri sana kwenye mafundisho ya kutoa, na kwa kawaida tunasimamia pale kwenye muujiza. Lakini someni vizuri. Biblia haisemi pipa la unga lilijaa mpaka likamwagika. Inasema tu kwamba halikuisha. Yaani kila asubuhi yule mama aliinama akakuta unga wa siku hiyo. Hiyo si hali ya kutajirika. Ni kuishi kwa siku moja moja, na mgeni yuko chumba cha juu.

Kisha endeleeni mpaka mstari wa 18. Mtoto wa mjane anafariki, na yule mama anamgeukia mgeni wake kwa maneno makali, kana kwamba kuja kwake ndiko kumeleta msiba. Hapo ndipo uchovu wa mwenyeji ulipotoka mdomoni. Huyu ndiye mama ambaye Yesu mwenyewe alikuja kumtaja kule Nazareti. Na bado alinung'unika! Eliya hakumjibu kwa kumkumbusha muujiza wa unga. Hakumwambia hana shukrani. Alimchukua mtoto mikononi mwake akapanda naye juu kuomba. Mgeni alibeba mzigo wa mwenyeji wake.

Kwa hivyo jibu langu kwa swali la kwanza ni hili: kuchoka si dhambi. Neno la Mungu lenyewe linajua kwamba wenyeji huchoka. Mithali 25:17 inamshauri mgeni asizidishe kwenda kwa jirani, asije akachukiwa. Petro, katika waraka wake wa kwanza sura ya 4, anapowahimiza waumini wakaribishane, anaongeza kwamba wafanye hivyo bila kunung'unika. Mbona aliongeza hayo? Ni kwa sababu manung'uniko yalikuwepo. Hapana haja ya kumkataza mtu jambo ambalo halimjii.

Dhambi inaingia pale tunapouficha uchovu mpaka unageuka kuwa kisasi. Mwenyeji anaanza kufunga kabati, kuongea kwa mafumbo, kumsema mgeni kwa majirani. Mgeni anajua, maana mgeni huona kila kitu. Ni afadhali mara mia kuketi mezani na kusema: dada, mimi nimechoka, nadhani na wewe umechoka, tufanyeje?

Wazee wetu walituachia methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi tunaitumia kama njia ya heshima ya kumfukuza mtu. Mimi naona tunaisoma vibaya. Jembe ni chombo cha mwenye nyumba. Ukimpa mtu jembe umemwambia aingie shambani kwako, ale jasho lake, awe mmoja wa watu wa boma. Mgeni asiyepewa jembe anabaki ombaomba hata kama analala kitanda kizuri.

Hapo Ulaya ilifanya jambo jema ambalo wakimbizi wengi duniani hawalipati. Ule uamuzi wa Machi 2022 uliwapa Waukraine haki ya kufanya kazi, watoto kuingia shule, na kutibiwa, bila kungoja miaka ya kusikilizwa kesi. Ndiyo maana wengi walianza kazi mapema na kulipa kodi ya nyumba wenyewe. Lakini jembe pekee halitoshi. Mama mwenye mtoto mchanga hawezi kulishika kama hakuna wa kumlelea. Mwalimu au daktari asiyejua lugha anajikuta anasafisha vyumba vya hoteli. Mzee wa miaka 75 hana nguvu za kulima. Poland ilipoamua, kuanzia Machi 2023, kwamba waliokaa zaidi ya siku 120 katika makazi ya pamoja wachangie nusu ya gharama, ililazimika kuwaondoa katika sharti hilo watu kama hao. Methali ni nzuri, ila inahitaji mtu wa kuangalia mikono ya mgeni kabla ya kumkabidhi mpini.

Najua kuna anayesoma hapa na roho yake inapinga: Mchungaji, hao hao si ndio waliwazuia wanafunzi Waafrika mpakani? Ni kweli, wako waliozuiwa na kusukumwa nyuma. Umoja wa Afrika ulitoa tamko la kulaani tarehe 28 Februari 2022, siku nne tu baada ya vita kuanza. Yakobo 2 inaita upendeleo wa namna hiyo kwa jina lake, dhambi. Tusiufunike. Lakini makosa ya askari wa mpakani hayafuti shida ya mama aliyelala stesheni, wala hayafuti wema wa dereva aliyesimama na kibao cha karatasi. Tukianza kugawa huruma kwa kulipiza, tutakuwa tumejiunga na foleni ile ile ya upendeleo tunayoilaumu.

Tena sisi Wakenya hatuna nafasi ya kuwacheka wanaochoka. Dadaab ilianza 1991, Kakuma 1992. Watu wamezaliwa humo, wamekua, wamezaa. Mwaka wa 2016 serikali yetu ilitangaza kwamba itaifunga Dadaab, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikazuia. Na jembe? Kwa miaka mingi tuliwaweka wageni hao mbali, wakisubiri mgao, huku wengi wao wakiwa na nguvu na ujuzi. Sheria ya wakimbizi ya 2021 imeanza kufungua mlango wa kazi na biashara. Uchovu wetu ulikuwa wa kweli, lakini sehemu yake tuliutengeneza sisi wenyewe kwa kumnyima mgeni jembe.

Mwingine atasema, kuweka mipaka ni kukosa imani. Upendo hauweki tarehe. Namheshimu ndugu huyo, ila simkubali. Wale wenyeji wa Uingereza walioahidi miezi 6 hawakuwa na upendo mdogo. Walisema ukweli kuhusu nguvu zao, na wengi walipofika mwisho wa ahadi wakaendelea kwa hiari. Waliposhindwa, palikuwa na kazi ya kumtafutia mgeni mwenyeji mwingine. Hapo ndipo penye uzito wote. Mipaka ya mtu mmoja inakuwa ukatili kama nyuma yake hakuna mtu wa pili. Ikiwa yupo wa pili na wa tatu, huyo wa kwanza amekimbia mbio zake tu, amepokeza kijiti.

Kwa hivyo swali la pili nalijibu hivi: kumwambia mgeni ahame hakuufanyi ukarimu wa jana kuwa uongo, mradi humtupi. Humalizi mpaka umejua atalala wapi.

Hapa kanisani petu wako ndugu wanaolea watoto wa marehemu dada zao, wako waliopokea jamaa waliofukuzwa na mafuriko au kodi. Tunawasifu Jumapili, kisha Jumatatu tunawaachia pipa lao. Wiki hii, kwenye ushirika wa nyumbani, msiulize tu nani anahitaji msaada. Ulizeni nani anamhifadhi mtu, na amemhifadhi kwa muda gani. Halafu mmoja achukue watoto Jumamosi, mwingine alipe stima ya mwezi, mwingine atafute kazi ya yule mgeni. Mwenyeji apate kulala mchana mmoja.

Tuwaombee pia wale wa mbali: mama aliye katika chumba cha watu huko Poland asiyejua atarudi lini, na mama mwenye nyumba anayemsikia akitembea kwa vidole usiku. Mungu awatie nguvu wote wawili, na unga wao usiishe.

Mbarikiwe.