Deni Lisiloandikwa Daftarini

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ni sheria ya kwanza ya duka dogo, na katika pwani ya Tanga, tangu barabara za Ngamiani hata Pangani na Moa, daftari la mkopo limekuwa nguzo ya biashara kwa vizazi vingi. Milango ifungwapo usiku, mwenye duka huketi karibu na taa, akajumlisha unga, sukari, mchele na sabuni vilivyochukuliwa, akaandika jina la kila mdaiwa na kiasi alichobakiza. Kesho yake huyarudia hayo hayo, na kesho kutwa vivyo hivyo, mpaka mkono ukaizoea kazi kuliko akili.

Sasa mashine imebisha hodi. Malipo kwa simu yalianza kuenea nchini tangu mwaka 2008. Mashine za kielektroniki za kutoa stakabadhi zilianza kutumika mwaka 2010. Na leo programu ndogo ndani ya simu ya mkononi yaweza kujumlisha mauzo, kupunguza hesabu ya bohari kila kitu kiuzwapo, na kumpelekea mdaiwa ujumbe wa kumkumbusha deni lake, hali mwenye duka amelala. Kwamba mashine yaweza kufanya kazi hiyo si jambo la kubishaniwa tena. Swali lililobaki ni la maadili: kazi ya marudio iondokapo mkononi mwa mtu, saa iliyookolewa huwa mali ya nani?

Ni kosa kuanza kwa kuilaumu mashine. Kazi ya marudio haina utukufu kwa sababu tu ni ya marudio. Mwanamke aliyetwanga mahindi tangu alfajiri, mtoto akiwa mgongoni, hakuulilia mchi siku mashine ya kusaga ilipofika kijijini. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, aliingia ukarani wa forodha mwaka 1926, akaendelea kuwa mtumishi wa serikali kwa miaka mingi. Dunia haimkumbuki kwa hesabu alizozitunza ofisini, bali kwa maandishi aliyoyatunga nje ya kazi hiyo. Ni makarani wangapi waliokuwa na vipawa, lakini saa hazikuwabakia? Kumwacha mtu chini ya mzigo ambao ungeweza kuondolewa ni namna ya dhuluma, hata kama mzigo wenyewe ni kalamu.

Walakini kuokoa saa si sawa na kumpa mtu saa hiyo. Aristotle, katika kitabu chake juu ya siasa, aliwaza kwamba kama vyombo vya kufumia vingefuma vyenyewe, mabwana wasingehitaji watumwa. Fikira hii ilipata mtihani wake katika nchi ya Tanga. Mwaka 1893 Richard Hindorf, Mjerumani, aliiingiza miche ya mkonge. 62 tu ilinusurika safarini, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo yalizaliwa mashamba makubwa, na pamoja na mashamba ikaja mashine ya kuchakata mkonge, iitwayo korona, ambayo hukwangua majani kwa wingi usiowezekana kwa mikono. Kwa mawazo ya Aristotle, mikono ingepumzika. Ilikuwa kinyume. Jani halijikati lenyewe, na kadiri mashine ilivyomeza haraka, ndivyo ilivyohitaji wakataji wengi zaidi. Wakaletwa watu kutoka Songea, Kigoma na hata nje ya mipaka, wakaitwa manamba. Walikata kwa kisu, wakafunga majani 30 kwa kila mzigo. Na kwa utaratibu wa kipande, siku 30 za kazi zilipotimia ndipo mshahara ulipolipwa. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 za singa. Mashine ilikuwa imefupisha kazi ya kukwangua, lakini haikuifupisha siku ya mkataji. Saa iliyookolewa kiwandani ilikuwa mali ya mwenye shamba, naye aliigeuza kuwa majani zaidi.

Duka dogo si shamba la mkonge, lakini swali ni lile lile, limepimwa kwa kibaba badala ya tani. Na afikiriwe mwenye duka wa Ngamiani ambaye ana kijana wa kuhesabu mzigo na kuandika daftari. Programu ikiichukua kazi hiyo, mwenye duka ana njia mbili. Ya kwanza ni kumwambia kijana asije kesho, na kuitia posho yake katika faida. Ya pili ni kumtoa kijana nyuma ya meza na kumfundisha yale ambayo hayakuwa na nafasi: kujua bei za Korogwe na Lushoto, kuchagua mzigo, kusema na wateja, hata siku moja aweze kufungua duka lake mwenyewe. Lazima ikumbukwe kwamba daftari lile la kuchosha ndilo lililokuwa chuo chake. Humo alijifunza kwamba haba na haba hujaza kibaba, na kwamba haba na haba vile vile huvujisha kibaba. Aondoaye chuo cha mtu bila kumpa kingine amemnyang'anya kitu ambacho hakuna stakabadhi itakayokionyesha.

Kuna tena jambo la wadaiwa. Kusi ivumapo kwa nguvu, wavuvi wa Tongoni huzuiwa na bahari, na deni la unga hukaa. Mwenye duka aandikaye kwa mkono hufika kwenye jina la mvuvi, kalamu ikasita. Hukumbuka upepo, hukumbuka watoto, akafungua ukurasa mwingine. Mashine haijui kusi wala kaskazi. Siku zilizowekwa zikipita, hupeleka ujumbe ule ule kwa mvuvi na kwa mtu mwenye uwezo anayechelewa kwa uvivu.

Yamkini atatokea wa kujibu kwamba kalamu iliyosita kwa huruma ni kalamu ile ile iliyowahi kumwongezea tarakimu mdaiwa asiyejua kusoma, na kumsamehe ndugu huku ikimbana mgeni. Jibu hili ni zito, wala halifai kupuuzwa. Hesabu iliyo wazi, ambayo mdaiwa anaweza kuiona katika simu yake mwenyewe, ni ngao ya mnyonge. Lakini linalothibitishwa hapa ni kwamba kujumlisha na kuhukumu ni kazi mbili, ambazo kwa muda mrefu zilifanywa na mkono mmoja katika saa moja. Kujumlisha kuna jibu moja tu, na kwa hiyo mashine na ikabidhiwe. Kuamua nani asubiriwe, nani asamehewe na nani adaiwe leo kunamhitaji mtu anayeweza kuulizwa kwa nini ameamua hivyo. Mwenye duka aiachiaye mashine kazi hizi mbili pamoja, kwa kuwa zilikuwa pamoja katika daftari la zamani, hakupumzika, amejiuzulu.

Basi mashine na iingie dukani, na mwenye duka alale mapema. Lakini saa aliyoipata haikushuka kutoka mbinguni. Ilitoka katika kazi ya kijana aliyeandika na katika uaminifu wa wateja waliolijaza daftari kwa kulipa walichokopa. Sehemu yake ni haki yao: kijana alipwe kwa elimu, na mvuvi kwa dakika chache za kufikiriwa kabla ujumbe haujapelekwa. Hilo ni deni ambalo programu haitalikumbusha, kwa maana hakuna aliyeliandika humo. Na dawa ya deni ni kulipa.