Mgeni na Kiwanja

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Usemi huu hutajwa mara nyingi kwa furaha, na mara chache kwa hadhari. Ndani yake limo sharti: mwenyeji apone. Ikiwa mgeni aja na mwenyeji augua, au aja na mwenyeji afukuzwa uani mwake, basi huo si ugeni tena, bali ni jambo jingine lililovaa kanzu ya ugeni. Katika nyumba, hukumu ya jambo hili ni nyepesi. Katika mataifa ni nzito. Taifa kubwa likiomba ardhi ili lijenge kiwanja cha ndege za vita, je, ni haki kukitoa? Na kama ni haki, ulimi wa kusema "ndiyo" ni wa nani?

Kipimo cha kwanza cha swali hili chaweza kupatikana Tumbi, Kibaha, penye mikorosho kando ya njia ya Morogoro, kilomita zipatazo 40 kutoka Dar es Salaam. Mwaka 1963 palianzishwa hapo kituo kilichojengwa kwa msaada wa Sweden, Norway, Finland na Denmark. Palikuwa na shule ya sekondari, mafunzo ya wakulima na kituo cha afya. Mwaka 1970 kituo kikakabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania. Kituo cha afya kikakua hata kikawa hospitali, na majeruhi wa ajali za njia ile kuu hupelekwa huko. Mgeni huyu alipewa ardhi na jembe, akalima, kisha akaliacha shamba mikononi mwa mwenyewe. Kazi yake ilijulikana tangu mwanzo, na ilikuwa na siku ya mwisho.

Kipimo cha pili kiko mbali. Mtu akitoka Tumbi akaelekea mashariki moja kwa moja juu ya bahari, kilomita zaidi ya 3,500, atakuta kisiwa cha Diego Garcia katika visiwa vya Chagos. Wakazi wake wengi walikuwa wazao wa watumwa waliotolewa Msumbiji na Bukini kwenda kulima minazi. Vizazi vikapita, wakawa na makaburi, kanisa na lugha yao. Mwaka 1965 Uingereza iliviondoa visiwa hivyo katika koloni la Mauritius, nalo likalipwa paundi milioni 3. Mwaka 1966 Uingereza ikapatana na Marekani kuvitumia kwa ulinzi muda wa miaka 50, na kwa siri ikapunguziwa dola milioni 14 katika bei ya silaha. Baina ya miaka ya 1968 na 1973 wakazi wote, watu wapatao 1,500 hadi 2,000, waliondolewa. Waliokuwa wamekwenda Mauritius kwa matibabu walinyimwa meli ya kurudi. Mbwa wao waliuawa kwa moshi. Katika karatasi za serikali waliandikwa kuwa vibarua wa kupita, kwa sababu kibarua huondolewa kwa urahisi kuliko mwananchi. Kutoka kisiwa hicho ndege kubwa za mabomu ziliruka kwenda kupiga Iraki mwaka 1991, Afghanistan mwaka 2001, na Iraki tena mwaka 2003.

Jirani ya jambo hili kuna jingine la kustaajabisha. Uingereza ilikuwa na nia ya kujenga kiwanja kingine katika kisiwa cha Aldabra, kaskazini ya Bukini, makao ya kobe wakubwa. Wataalamu wa Uingereza na Marekani walipaza sauti kuwatetea kobe hao. Na mwaka 1967, paundi iliposhuka thamani, mpango ukaachwa. Kobe hawana kosa, na waliowatetea walifanya vema. Lakini akili haina budi kuuliza ilikuwaje kobe wapate mawakili na watu wakose. Jibu ni kwamba kobe walijulikana, na watu walifichwa. Dhuluma hupenda mahali pasipo na shahidi.

Haki hudai pia kwamba upande wa pili usikizwe. Si kila kiwanja cha vita ni dhuluma. Mwaka 1942 Wamarekani walijenga kiwanja katika kisiwa cha Ascension, ili ndege zao zipumzike zikivuka bahari baina ya Brazil na Afrika. Kisiwa hicho hakikuwa na wenyeji wa asili wa kufukuzwa, na adui aliyepigwa alikuwa Hitler, ambaye ushindi wake ungalikuwa msiba kwa mtu mweusi kuliko kwa wengi. Yeyote asemaye kuwa vita vile vilikuwa vya lazima hana budi kukubali kuwa viwanja vyake vilikuwa vya lazima. Lakini hoja ya lazima ina hatari moja. Haja ya vita hupita, na kiwanja hubaki. Kisha kiwanja chenyewe hutafutiwa haja mpya.

Wala hoja hii haigawi mataifa katika mema na maovu. Denmark, iliyokuwa mgeni mwema Tumbi, ilikuwa mwenyeji wa namna nyingine huko Greenland. Mwaka 1951 Wamarekani walijenga kiwanja kikubwa Thule, na mwaka 1953 wawindaji wa mahali hapo walihamishwa kwa haraka kwenda kaskazini. Mwaka 1968 ndege yenye mabomu manne ya haidrojeni ilianguka kwenye barafu karibu na hapo. Mwaka 1999 Waziri Mkuu wa Denmark aliwaomba radhi waliohamishwa. Taifa lilelile, basi, na mikono ileile. Tofauti haikuwa katika damu ya Wadenmark, bali katika namna ya mapatano: Tumbi mwenye ardhi aliulizwa, Thule hakuulizwa.

Tena mwenyeji hushiriki hatari ya mgeni hata akiwa ameulizwa. Tarehe 5 Januari 2020 wapiganaji wa al-Shabaab walishambulia kiwanja cha Manda, Lamu, na kuua Wamarekani watatu. Kenya ilikuwa na adui yule yule na sababu zake za kukaribisha. Lakini fahali wakipigana, nyasi ndizo ziumiazo, na anayekaribisha fahali asijidanganye kuwa nyasi zake zimekingwa.

Mwaka 1971 Tanzania iliungana na Ceylon kuomba Umoja wa Mataifa utangaze Bahari ya Hindi kuwa eneo la amani. Azimio likapita, na mwaka uleule ujenzi wa kiwanja ukaanza Diego Garcia. Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ilitoa rai kuwa kutengwa kwa visiwa vile hakukuwa halali. Mwaka 2025 Uingereza na Mauritius zilitia saini mkataba wa kuvirudisha, huku Diego Garcia ikikodishwa kwa miaka 99. Wengi wa waliofukuzwa na wazao wao walilalamika kuwa safari hii pia hawakuulizwa.

Hapo ndipo penye kiini cha swali. Serikali yaweza kukodisha ardhi, kwa kuwa imekabidhiwa kuitunza. Haiwezi kukodisha makaburi ya watu wasioulizwa. Mapatano ya haki yana mambo matatu: akaaye juu ya ardhi aulizwe, kazi itakayofanywa juu yake ijulikane, na siku ya kuondoka mgeni itajwe na mtu aliye hai atakayeiona. Miaka 99 huzidi umri wa waliotia saini, na huzidi umri wa anayengoja kurudi kwao. Mgeni siku mbili. Ya tatu mpe jembe. Akikataa jembe na kutaka kiwanja, mwenyeji na aulize kwanza ni nani atakayepona.