Mtoto Hupimwa Sawa na Mzee

Nina duka la rejareja Mtongwe, huku Likoni, Mombasa, alilonirithisha baba. Vijana wa mtaani wanaporudi likizo kutoka chuo kikuu hupenda kuniuliza: "Shangazi, falsafa yako ya maisha ni ipi?" Huwaonyesha ubao niliouandika kwa rangi ya mafuta na kuutundika juu ya mizani: Mtoto hupimwa sawa na mzee.

Mtoto hutumwa dukani alfajiri kabla ya shule. Sarafu amezifumbata, midomo yarudia agizo asije akalisahau: sukari robo, majani ya chai ya kumi, mafuta ya kupima. Kimo chake hakifiki kaunta, kwa hivyo haioni sindano ya mizani, na chenji hajui kuihesabu. Muuzaji akitaka, atauondoa mfuko kabla sindano haijatulia. Shilingi tano atazigeuza peremende, na mtoto ataondoka akifurahi. Mkaguzi wa vipimo huja kupiga mhuri mizani, lakini hakai nami dukani kutwa. Mteja mzima mwenye macho yake hunilinda na tamaa yangu. Mbele ya mtoto sina mlinzi, na hapo ndipo ninapojijua ni mtu wa namna gani.

Jirani yangu mmoja, mcha Mungu kweli, aliwahi kunipinga. "Dadangu," aliniambia, "Qurani yatosha. Sura nzima, Al-Mutaffifin, imeanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Hiyo falsafa yako ni ya nini tena?" Hoja yake ni nzito, na sura hiyo naijua tangu nilipokuwa chuoni kwa mwalimu. Lakini amri ya Mwenyezi Mungu ni ya watu wote, na mkono unaoshika mfuko wa sukari ni wangu peke yangu. Lazima nitafute mahali hasa ambapo amri ile inanidai mimi katika kazi zangu za kila siku. Dereva wa matatu ana mahali pake, mwalimu wa Kisauni ana pake, na karani wa mizigo kule Changamwe ana pake. Kupatafuta ndiko ninakokuita kuwa na falsafa ya maisha, na sioni kama kunashindana na dini. Mtu anaweza kuihifadhi sura ile mwanzo hadi mwisho asijue kwamba yamhusu yeye.

Sentensi yangu ilianza na sukari, ila haikuishia kwenye sukari. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na ufuo, watu wakielekea kazini kisiwani. Ilikuwa imebeba abiria kupita kiasi. Watu 272 walikufa. Hakuna mkaazi wa upande wetu asiyejua nyumba iliyofiwa siku ile. Kila nikilifikiri jambo hilo namwona abiria anayekanyaga ubao wa feri: hajui chombo chastahimili watu wangapi, wala hajui waliokwisha ingia ni wangapi. Ameamini tu kwamba yuko aliyehesabu. Hapo nikaelewa kwamba sote ni watoto mbele ya kaunta ya mtu fulani. Mgonjwa yuko mikononi mwa daktari, mwenye kiwanja yuko mikononi mwa karani wa ardhi. Aliyeondoka barazani hawezi kujitetea kwa wanaobaki wakimteta, na maiti hawezi kumwambia anayemwosha amsitiri.

Hapa Mombasa fikira kama hizi zina wenyewe. Ustadh Ahmad Nassir alitunga Utenzi wa Mtu ni Utu, na ndani yake mtu hutakiwa authibitishe ubinadamu wake kwa namna anavyowatendea wenziwe. Mtafiti Kai Kresse alikuja akakaa na wanazuoni na washairi wetu, na mwaka 2007 akachapisha kitabu kizima juu ya falsafa ya Mombasa. Nawatajia vijana hayo ili wasidhani kwamba kufikiri ni kitu cha kuagizwa kutoka ng'ambo.

Mwana Mombasa mwingine, Abdilatif Abdalla, alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa sababu ya waraka wake Kenya: Twendapi? Mashairi aliyoyatunga kifungoni yalitoka mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Mimi sijatakiwa kulipa gharama kama ile. Lakini kwake nimejifunza kwamba fikira iliyofichwa kifuani haimdai mwenyewe chochote. Nilipoandika ule ubao, niliwapa majirani haki ya kunidai. Siku moja mama mmoja alikuja na mfuko aliotumwa mwanawe, akauweka kwenye kaunta mbele ya wateja. "Bi mkubwa, umeandika mwenyewe. Hebu pima tena." Nikapima, sindano ikasimama penye robo. Nilimshukuru kwa moyo mmoja, na ningependa wengi zaidi waje kunipimisha.

Siwezi kusema kwamba sentensi hii yajibu kila kitu. Hainiambii kwa nini wale 272 wakafa na wengine wakachelewa feri wakapona. Hilo namwachia Mola. Hainiambii hata kama nimkopeshe unga mtu asiyelipa deni la mwezi uliopita. Kwa hayo huomba dua, hutaka ushauri, hutazama hali ya mtu na watoto wake. Kwangu yatosha kwamba sentensi hii hunisimamisha wima mahali ninaposimama kila siku.

Basi wanangu, msianze na maneno makubwa. Jiulizeni kwanza: katika kazi yangu, ni nani asiyeweza kunikagua? Amueni mtamtendea nini huyo. Kisha litamkeni neno hilo mbele ya wale wanaoweza kuwakagua, na wakija kuwadai, wapimieni.