Nyumba Moja Si Ruhusa

Ndani ya Linux kila programu inayoendeshwa ina kumbukumbu yake, na kerneli ndiyo bawabu. Kwa desturi, programu mbili za mtumiaji mmoja zinaweza kusomana, hata kuandikiana humo, maana ni za nyumba moja. Jamani, kuishi nyumba moja ndiyo ruhusa ya kupekua kichwa cha mwenzio?

Mwaka 2012 ilikuja kinga iitwayo Yama. Katika kiwango chake cha kwanza, programu ya kawaida huingia kwa kizazi chake tu, au kwa ile iliyoitaja na kuikubali. Sawa, fundi anasumbuka. Lakini fundi na mwizi wa nywila hupita mlango uleule, na bawabu hawezi kusoma nia. Heri basi ridhaa itoke kwa anayesomwa. Anayepekua simu ya mkewe kwa hoja ya "sisi ni kitu kimoja" ajibu hilo kwanza.